Yaliyomo Chini ya Makonde ya Tumbe

Mgeni anayekwenda kaskazini mwa Pemba kutafuta mambo ya kale huelekezwa Chwaka. Hapo atakuta kuta za msikiti zilizobaki, makaburi ya mawe, na jina la Haruni, ambaye masimulizi ya kisiwani humtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume, yule mtawala wa Pujini anayesemwa kwamba aliwalazimisha watu kubeba mawe ya ngome yake huku wakijiburura kwa makalio. Akishatosheka na magofu, mgeni hurudi njia aliyojia. Makonde ya Tumbe, yasiyo mbali na hapo, huyapita tu. Hayana ukuta wala nguzo ya kutazama. Yana nyasi, muhogo, minazi na vichaka.

Ndani ya udongo wa makonde hayo mna makazi yaliyoitangulia Chwaka. Watu waliishi hapo tangu karne ya 7 hadi katikati ya karne ya 10. Walijenga, walivua, walilima uwele, walipokea mitungi kutoka Ghuba ya Uajemi, na walitengeneza shanga kwa wingi wa kustaajabisha. Kisha wakahama, na kwa miaka elfu moja hakuna aliyewaandika. Kilichowarudisha kwenye historia ni mashimo madogo yaliyochimbwa kwa sepetu na mwiko, moja baada ya jingine, mahali ambapo juu ya ardhi hapakuwa na cha kuonyesha.

Ili kuelewa kwa nini mashimo hayo yana uzito, inafaa kukumbuka jinsi historia ya pwani ilivyoanza kuchimbwa. James Kirkman alianza kazi Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948. Alifyeka msitu, akaonyesha jumba, misikiti, visima na mitaa, na kitabu chake cha mwaka 1954 kikautangaza mji huo, tangu kwenye jalada, kuwa mji wa Waarabu. Neville Chittick alifuata Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, akatoa juzuu mbili nene mwaka 1974, na alichimba pia Manda katika visiwa vya Lamu. Kazi zao zilikuwa kubwa na bado zinasomwa. Lakini walikwenda panapoonekana ukuta. Ukuta uliwaongoza kwenye nyumba ya tajiri, kwenye msikiti wa Ijumaa, kwenye kaburi la mtawala, na kwa kuwa mawe na chokaa vilihesabiwa kuwa ujuzi wa wageni, mji mzima ukahesabiwa kuwa wa wageni. Mvuvi, mfinyanzi, mkulima wa mtama na mama aliyepika kwenye mafiga hawakuwa na ukuta wa kuwasemea.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliusifu mji huo kwa uzuri na akaeleza kwamba majengo yake yalikuwa ya miti na mapaa ya majani. Wasomaji wa baadaye, waliokwisha kuyaona magofu, walipata tabu na maneno hayo, wengine wakashuku kumbukumbu yake. Lakini hata Chittick mwenyewe, aliposhuka chini ya majengo ya mawe ya Kilwa, alikuta tabaka za zamani zaidi zenye mabaki ya nyumba za miti na udongo. Ushahidi ulikuwapo. Uliwekwa pembeni tu.

Nyumba ya kukandika haihitaji maelezo kwa mtu wa pwani. Nguzo husimamishwa, fito hufungwa kwa kamba pande mbili, udongo hukandwa kwa maji na kushindiliwa katikati, na makuti huezekwa juu. Ikitunzwa hudumu miaka mingi. Ikiachwa, paa huoza kwanza, kisha masika hupiga ukuta, na baada ya misimu michache udongo uliotoka ardhini hurudi ardhini. Fundi wa kale hakuacha kifusi cha kupiga picha. Aliacha sakafu iliyokanyagwa ikawa ngumu, matundu ya nguzo ambayo udongo wake ni mweusi kuliko wa pembeni, majivu ya jikoni, vigae vya vyungu, mifupa ya samaki. Nyumba ikiungua, moto huchoma udongo wa ukuta kama tofali, na vipande vyake hubaki na alama za fito hata baada ya fito zenyewe kuwa majivu. Kwa mchimbaji, kipande kimoja cha udongo wa namna hiyo ni hati ya nyumba.

Mtu wa kwanza kuonyesha wazi nguvu ya ushahidi huo katika eneo kubwa alikuwa Mark Horton, aliyechimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti mingine ikifuatana kwenda chini, na ile ya mwanzo kabisa, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti. Hakuna ukuta wake uliobaki, ila matundu ya nguzo. Katika matabaka ya zamani alikuta pia sarafu ndogo za fedha zenye majina ya Kiislamu, zilizopigwa hapohapo pwani. Mji wa mawe haukushushwa jahazini ukiwa kamili kutoka ng'ambo. Ulikua polepole kutoka kwenye kijiji cha miti na udongo, na wajukuu wakajenga kwa matumbawe palepale babu zao walipojenga kwa fito.

Katikati ya miaka ya 1980 Horton na Catherine Clark walitembea Unguja na Pemba wakiorodhesha mahali pa kale. Upande wa magharibi wa Pemba, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vipande vidogo vya fedha vya watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu. Habari ya hazina husafiri haraka. Lakini orodha ya mahali, ile kazi ya kutembea juani na kuandika kwamba hapa pana vigae na pale pana udongo mweusi, ndiyo iliyokuja kuzaa matunda zaidi.

Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette, Wamarekani waliofanya kazi Pemba kwa miaka mingi, walianza na swali la hesabu. Ikiwa wakazi wengi wa pwani waliishi nyumba za udongo, na ikiwa nyumba hizo hazionekani, basi historia iliyokwisha kuandikwa ni ya wachache. Mwaka 1999 walichapisha makala juu ya tatizo hilo hasa: namna ya kuwatafuta wakazi wa nyumba za kukandika mahali ambapo macho hayatoshi. LaViolette alikuwa amekwisha kuchimba Pujini, kwenye ngome inayohusishwa na Mkama Ndume. Sasa walitaka kujua nani aliishi nje ya ngome, na nani aliishi kabla yake.

Pemba si jangwa. Katika nchi kavu mtafiti hutembea akiangalia chini, na vigae humwonyesha palipokaliwa. Pemba ina mvua nyingi, udongo wenye rutuba, vilima na mabonde ya mpunga, na tangu karne ya 19 imefunikwa na mikarafuu. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo. Majani huficha kila kitu. Kwa hiyo walilazimika kuuliza ardhi yenyewe.

Kazi huenda hivi. Kamba hunyooshwa juu ya konde na alama huwekwa kwa umbali uliopimwa, mistari ikikatana. Kwenye kila alama huchimbwa shimo dogo, upana wake kiasi cha nusu mita, hadi udongo usio na dalili ya mkono wa binadamu. Kila sepetu ya udongo hupitishwa kwenye chekeche. Kinachobaki juu ya wavu, kigae, kipande cha chuma, kombe, mfupa, ushanga, hutiwa mfukoni na kuandikwa namba ya shimo na kina chake. Kisha shimo hufukiwa, na mwenye shamba hupanda muhogo wake kama kawaida. Shimo moja halisemi mengi. Likiwa tupu nalo huandikwa, kwa sababu utupu huonyesha mwisho wa kijiji. Mashimo yakishakuwa mengi, na hesabu zake zikiwekwa kwenye ramani, makazi hujitokeza: hapa vigae vingi, pale vichache, kule hakuna, na katikati labda uwanja. Palipo na dalili nzuri ndipo hufunguliwa handaki pana, na mwiko hushika nafasi ya sepetu.

Ni kazi ya subira na ya mikono mingi. Inastahili heshima kuliko inayopata, kwa sababu magazeti hupenda dhahabu, na shimo lisilo na kitu halina habari ya kuuza. Lakini bila mashimo matupu hakuna mwenye haki ya kusema kijiji kilikuwa kikubwa au kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walielekeza nguvu Tumbe na Chwaka, majirani wawili ambao nyakati zao hupishana. Tumbe ilitoa vyungu vya kienyeji vyenye michoro ya pembetatu iliyokatwa shingoni kabla ya kuchomwa. Vyungu vya aina hiyo vimepatikana kutoka visiwa vya Lamu hadi Msumbiji, na Felix Chami, aliyechimba pwani ya Tanzania na kutoa tasnifu yake mwaka 1994, alionyesha kwamba vinapatikana pia bara, mbali na ufuko, na kwamba mizizi yake iko kwa wakulima na wafua chuma wa zamani zaidi. Kwa hiyo watu wa Tumbe walikuwa watu wa hapahapa, wakifinyanga kwa mtindo walioshirikiana na jamaa zao wa ng'ambo ya mkondo. Hoja ya wageni walioleta kila kitu hupungua nguvu kwa kila kigae kinachotoka ardhini.

Pamoja na vyungu hivyo palikuwa na vipande vya vyombo kutoka nje, hasa mitungi mikubwa yenye rangi ya feruzi iliyotoka Iraki na Uajemi. Mitungi hiyo ilikuwa ya kuhifadhia na kusafirishia vitu, na ilivunjikia Tumbe kwa idadi isiyotarajiwa katika kijiji cha nyumba za udongo. Biashara ya bahari haikusubiri majumba ya mawe.

Lakini kitu kinachoitofautisha Tumbe ni vinoo. Ni vipande vya vigae na mawe vyenye mifereji myembamba iliyochimbika kwa kusuguliwa, na vilitoka kwa maelfu. Kazi yake inajulikana. Kombe la baharini huvunjwa vipande vidogo, kila kipande hutobolewa katikati, vipande hutungwa kwenye uzi mgumu, kisha mtungo wote husuguliwa mbele na nyuma kwenye mfereji hadi kingo zote ziwe duara na ukubwa mmoja. Vinoo vya namna hiyo vilikuwa vimepatikana Shanga na Kilwa, lakini si kwa wingi huu. Tena havikurundikana sehemu moja kama karakana. Vilitapakaa kwenye makazi, nyumba hadi nyumba. Familia zilifanya kazi hii nyumbani, pengine baada ya shamba na uvuvi, na shanga zao zilivaliwa, zilitolewa na kubadilishwa na vingine. Baada ya mwaka 1000, shanga za kioo kutoka ng'ambo zilipozidi kuingia pwani, kazi hiyo ilififia.

Kwenye mashimo ya Tumbe haukupatikana msikiti. Mwaka 916 hivi msafiri al-Masudi alikuwa akiondoka kwa mara ya mwisho kwenye kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wataalamu wengi wanakiona kuwa Pemba. Aliandika kwamba kulikuwa na Waislamu wenye nasaba ya utawala wakiishi pamoja na watu wasio Waislamu. Tumbe wakati huo ilikuwa katika miaka yake ya mwisho. Maneno ya al-Masudi na udongo wa Tumbe vinakubaliana vizuri: kisiwa kimoja, dini zaidi ya moja, na mabadiliko yakiendelea kijiji kwa kijiji.

Karibu mwaka 950 Tumbe iliachwa. Katika karne ya 11 Chwaka ikaanza, kando ya maji, na kufikia karne ya 15 ilikuwa mji wenye misikiti na makaburi ya mawe. Hapa ndipo uchunguzi wa mashamba ulipotoa jibu ambalo uchimbaji wa magofu peke yake usingelitoa. Fleisher alikuwa ametembea na kuchimba mashimo ya majaribio nje ya miji pia, katika mashamba ya kaskazini mwa kisiwa. Aliona kwamba katika karne ya 8 hadi ya 10 vijiji vidogo vilikuwa vimetawanyika. Chwaka ilipokua, vijiji vya jirani vilipungua. Watu walikuwa wamehamia mjini. Mji haukuwa tajiri aliyeketi katikati ya mashamba akingoja kodi. Ulitengenezwa na wanavijiji wenyewe, waliobeba vyungu vyao na kwenda kujenga nyumba za kukandika kuzunguka msikiti. Hata Chwaka, mawe yalikuwa ya misikiti na makaburi, na wakazi wengi waliendelea kukandika.

Walikuwa na sababu gani za kwenda? Jibu moja limo kwenye sahani. Kule Tumbe vyombo vya nje vilikuwa zaidi mitungi. Kule Chwaka vilikuwa zaidi mabakuli ya kuandalia, na mabakuli ya kienyeji nayo yalikuwa makubwa. Fleisher anaona hapo karamu: mwenye uwezo akikaribisha watu, akiwalisha mbele ya vyombo vizuri, na heshima yake ikikua kwa kila mkono uliotia chakula kinywani. Yeyote aliyewahi kuhudhuria harusi au hitima kisiwani hatahitaji kushawishiwa kwamba chakula hujenga uongozi.

Kuhusu chakula chenyewe, ushahidi ulitoka kwenye kitu kidogo kuliko kigae. Udongo kutoka makaa ya jikoni hutiwa kwenye maji. Punje zilizoungua, kwa kuwa ni nyepesi, huelea na kukusanywa kwa kitambaa. Sarah Walshaw alizipanga punje za Tumbe na Chwaka moja moja chini ya darubini. Tumbe ilikuwa nchi ya uwele, nafaka ya Afrika, na mpunga kidogo. Katika Chwaka mpunga uliongezeka, karne hadi karne, mpaka ukashika nafasi ya mbele. Mpunga unadai bonde lenye maji, palizi na kuamia ndege. Mtu hauchagui bila sababu, na Walshaw aliuunganisha uchaguzi huo na mji uliokuwa ukikua na jamii iliyokuwa ikiingia katika Uislamu, ambamo kuandaa wali mbele ya wageni kulikuwa na maana yake.

Njia hiyo ya kuuliza ardhi tupu imeenda mbele zaidi kusini. Songo Mnara, jirani wa Kilwa, ulioandikwa pamoja nayo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, una majumba ya mawe yaliyosimama vizuri, na katikati yake viwanja vya nyasi. Kuanzia mwaka 2009 Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walivigeukia viwanja hivyo. Kabla ya kuchimba walivipitisha vyombo vinavyosoma tofauti ndogo za usumaku ndani ya udongo, kisha wakapima kemia ya udongo wenyewe, kwa kuwa jiko, zizi na njia ya miguu kila kimoja huacha alama yake. Sehemu iliyodhaniwa kuwa tupu ilikuwa na nyumba za udongo. Karibu na makaburi palipatikana sarafu za shaba za Kilwa, zikionyesha kwamba watu walikuja hapo kuzuru, mara kwa mara, muda mrefu baada ya mazishi.

Inafaa kusema wazi hatari iliyopo. Gofu lina sheria ya kulilinda, na hata asiyeijua sheria huona ukuta na kusita. Konde halina kinachomsitisha mtu. Msingi wa nyumba mpya, shimo la choo, barabara ya kifusi au hoteli ya ufukweni hupita ndani ya sakafu ya karne ya 8 asubuhi moja, na kilichotoka hutumika kusawazisha uwanja. Njia ya kuzuia hasara hiyo ni ileile iliyoipata Tumbe: kutangulia na mashimo madogo kabla ya mtambo kufika, kazi ya siku chache ikilinganishwa na ujenzi wa mwaka. Na wakulima wenyewe ndio mashahidi wa kwanza, kwa sababu jembe lao limegusa vigae hivyo tangu utotoni na wanajua udongo hubadilika rangi wapi.

Tumbe ya leo ni kijiji cha wavuvi chenye soko kubwa la samaki, na mabonde ya Pemba bado yanatoa mpunga. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa, akiandika habari za pwani hii, alivitaja visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia kuwa vyenye rutuba, na mpunga, mtama, nyama, ndimu na machungwa tele, na akaeleza jinsi vyombo vidogo vilivyovusha vyakula hivyo hadi bara. Wareno waliukuta mpunga huo ukiwa bidhaa. Punje zilizooshwa kutoka majiko ya Chwaka zinaonyesha kwamba ulianza kuongezeka katika karne ya 11, wakati watu wa vijiji vya jirani walipokuwa wakihamia mjini, na kwamba kabla ya hapo, kwenye makonde ya Tumbe, chungu kilipikiwa uwele.